Yai la "kienyeji" na ulimi wa mfanyabiashara

Kwa muda wa miezi karibu mitano, kila Ijumaa asubuhi, bibi mmoja wa mtaani kwetu Mbagala alikuwa akija nyumbani kwangu kununua mayai kumi. Mjukuu wake alikuwa ametoka hospitali, na bibi alishauriwa kuwa mtoto apewe chakula cha kujenga mwili. Alitaka mayai ya kienyeji, si mengine. Mayai ya kisasa nilikuwa nikiyauza shilingi 300 yai moja. Yale ya "kienyeji" shilingi 600. Kila Ijumaa alifungua pindo la kanga yake, akahesabu shilingi 6,000, kisha akaniambia: "Mwanangu, Mungu akuzidishie, maana siku hizi kupata kitu ambacho hakijachakachuliwa ni kazi." Nami nikaitikia, "Amin, bibi."

Napenda msomaji aelewe tangu mwanzo kuwa mayai yale hayakuwa ya kienyeji kwa maana aliyoielewa bibi yule. Hayakuwa mabovu wala hayakuwa na sumu. Yalikuwa mayai safi, yametagwa jana yake. Lakini yalitagwa na kuku chotara, waliofungiwa banda moja na kuku wangu wa kisasa, wakila chakula kilekile cha dukani, ambacho nilikuwa nikikiongezea unga wa rangi ili kiini kitoke cha manjano iliyokolea. Sikumwambia hata siku moja kwamba haya ni ya kienyeji. Yeye aliuliza, "Ya kienyeji yapo?" Nami nikamnyooshea trei.

Je, nilimdhulumu? Hilo ndilo swali ninalotaka tulijadili. Huenda likaonekana swali dogo, swali la kuku na mayai, wakati Ummah una mambo makubwa ya kuzungumza. Lakini hapa mjini wengi wetu tunaishi kwa biashara ndogondogo, na dini ya mtu hupimwa zaidi kwenye mzani wake wa kila siku kuliko kwenye hotuba anazozipigia takbira.

Jina moja, mambo matatu

Kwanza tujiulize: mtu anaposema "yai la kienyeji", anakusudia nini hasa? Nimewauliza wateja wangu swali hili mara nyingi. Majibu yao, ukiyachambua, yana mambo matatu yaliyochanganywa katika neno moja. La kwanza ni mbegu ya kuku. La pili ni makazi yake, yaani anatembea huru au amefungiwa. La tatu ni chakula chake, anachakura mwenyewe au analishwa cha dukani, na kama ametiwa madawa.

Tatizo ni kwamba mteja haoni hata kimoja kati ya hivyo vitatu. Anachokiona ni ganda, na akifika nyumbani akavunja yai, anaona kiini. Basi anachukua rangi ya ganda na rangi ya kiini kama mashahidi wa maisha ya kuku. Na mashahidi hawa wawili, kwa hakika, hawajui lolote kuhusu jambo wanaloulizwa.

Rangi ya ganda hutokana na mbegu tu. Kuku wa White Leghorn hutaga mayai meupe hata umfungie kwenye kizimba cha waya au umwachie shamba zima. Rhode Island Red hutaga ya kahawia popote alipo, na ndiyo sababu kuku wetu wengi wa kisasa, waliozalishwa kwa kuchanganya mbegu kama hizo, hutoa mayai ya kahawia. Rangi hiyo hupakwa juu ya ganda ndani ya mwili wa kuku, yai likiwa linakaribia kutoka. Haiongezi lishe wala haiipunguzi. Kule Marekani watu wengi waliwahi kuamini kuwa yai la kahawia ndilo la asili na jeupe ni la kiwandani, kwa sababu mashamba makubwa ya huko yalifuga Leghorn. Hapa kwetu tunaamini kinyume chake. Ganda ni lilelile, wanaotofautiana ni wanunuzi.

Kiini nacho hupata rangi yake kutokana na chakula. Kuku akila majani mabichi au mahindi ya njano, kiini hukolea. Sisi tunalima mahindi meupe, na chakula chetu cha kuku hutengenezwa kwa mahindi hayohayo meupe na pumba zake, kwa hiyo kiini hutoka kimepauka. Mfugaji akitaka kiini cha rangi ya dhahabu hahitaji kumwachia kuku huru. Anatia unga wa maua ya njano au rangi ya dukani kwenye chakula, na baada ya wiki mbili hivi kiini kinageuka. Wenye viwanda wana hata kipepeo cha kupimia, chenye rangi zilizopangwa kwa namba, mfugaji anachagua namba aitakayo kama achaguavyo rangi ya ukuta.

Hivyo ndivyo nilivyofanya. Chotara walinipa ganda la rangi ya maziwa, na unga ukanipa kiini. Kwa ganda na kiini vile, bibi aliona kuku anayetembea huru kijijini Singida, kumbe yumo bandani Mbagala.

Je, makazi hayana maana?

Asije mtu akasema kuwa yote ni imani tupu na mayai ni mayai. Mbegu na makazi vina athari ya kweli. Kuku wa kienyeji hutaga kiasi cha mayai 40 hadi 60 kwa mwaka, yai lina uzito wa gramu 40 hivi, na kiini chake ni kikubwa ukilinganisha na ute. Kuku wa kisasa wa mayai hufikisha 300 na zaidi kwa mwaka, yai likiwa na gramu 60 hivi. Kuku anayepata jua na majani hutoa yai tofauti kidogo na aliye gizani. Mwaka 2014 watafiti wa Ujerumani walichapisha matokeo yanayoonesha kuwa viini vya mayai ya kuku waliokuwa wakitoka juani vilikuwa na vitamini D zaidi ya mara tatu kuliko vya kuku waliofungiwa ndani.

Banda baya nalo huharibu yai. Hili nimelijua kwa hasara. Mwaka wangu wa kwanza, kwa tamaa, nilijaza kuku kumi katika kila mita moja ya mraba. Maranda yakalowa, harufu kali ikajaa mpaka macho yanachoma. Kuku walidonoana, wakataga chini badala ya kwenye viota, mayai yakatoka yamepakaa kinyesi na mengine yana nyufa. Ilipofika Februari, joto la Dar es Salaam likaingia chini ya bati. Kuku huwa hatoki jasho, hupoza mwili kwa kuhema, na anapohema sana hewa inayosaidia kutengeneza ganda hupotea katika damu yake. Maganda yakawa laini kama karatasi. Trei moja ya mayai 30 nilikuwa natupa manne au matano.

Lakini pia uhuru wa kuku peke yake si dhamana. Mwaka 2005 mtandao wa kimataifa wa IPEN, unaopiga vita kemikali za sumu, ulipima mayai ya kuku wanaozurura huru karibu na jalala la Dandora mjini Nairobi, na pia Vikuge huko Kibaha, mahali palipokuwa na mabaki ya dawa za zamani za kuulia wadudu. Mayai yale yalikutwa na sumu zilizotoka kwenye udongo. Kuku walikuwa huru kabisa, wanachakura watakavyo. Kwa macho ya mteja wa mjini hao ndio kuku wa kienyeji halisi.

Waislamu hatukupaswa kushangazwa na habari hiyo. Wanazuoni wetu walizungumza karne nyingi zilizopita kuhusu jallala, yaani mnyama anayekula najisi mpaka ikaathiri nyama na maziwa yake. Na imepokewa kuwa Abdullah bin Umar (r.a.) alikuwa akimfungia kuku wa namna hiyo siku tatu, akimlisha chakula safi, kabla ya kumla. Tazama busara hiyo. Hapa kumfungia kuku ndiyo dawa, na kumwachia ndiyo madhara. Haitoshi kuuliza kama kuku amefungwa au yuko huru. Lazima uulize amefungwa wapi, yuko huru katika nini, na anakula nini.

Mnyama aliyefungwa chuchu

Sasa turudi kwa bibi. Nilipomsimulia mfugaji mwenzangu kuwa nafsi inanisuta, alinicheka. Akanipa hoja tatu, na naziweka hapa kwa sababu najua wasomaji wengi wanazo.

Hoja ya kwanza alisema, "Hukusema uongo. Hukutamka neno kienyeji." Hoja ya pili, "Yai halikumdhuru. Protini ya yai la chotara ni ileile." Hoja ya tatu, "Ujinga wa mteja si kosa lako. Yeye ndiye anayeamini rangi. Wewe si mwalimu wake."

Kwa siku kadhaa sikuwa na jibu. Kisha katika darsa moja baada ya Magharibi tukasomewa mlango wa biashara zilizokatazwa, tukafika kwenye jambo linaloitwa tasriya. Mfugaji wa zamani alipotaka kumuuza ngamia au mbuzi jike, alikuwa anaacha kumkama siku kadhaa, au anazifunga chuchu, ili maziwa yajae. Mnunuzi akija anaona kiwele kimetuna, anadhani huyu ndiye mama wa maziwa. Akifika nyumbani anamkama mara moja, mara ya pili kiwele kimenywea. Mtume (s.a.w.) alilikataza jambo hilo, na akampa mnunuzi hiari: akitaka abaki na mnyama, na akitaka amrudishe pamoja na pishi ya tende kwa ajili ya maziwa aliyokwisha kuyakama.

Nilitoka msikitini nimeinamisha kichwa. Maana zile hoja tatu za mwenzangu, yule mwenye ngamia angeweza kuzisema neno kwa neno. Hakutamka uongo, kiwele ndicho kilichotamka. Maziwa yalikuwa maziwa ya kweli, si maji, hayakumdhuru mtu. Na ni mnunuzi mwenyewe aliyeamini kuwa kiwele kikubwa siku moja ni kiwele kikubwa siku zote. Pamoja na hayo yote, sheria iliiona kuwa ni hadaa. Kwa nini? Kwa sababu mwenye mnyama alijua mnunuzi anasoma alama gani, akaichukua alama ile akaitengeneza kwa makusudi, ili iseme jambo ambalo yeye mwenyewe anajua si kweli. Alimfanya mnyama aseme uongo kwa niaba yake.

Hapo ndipo nilipouona unga wangu wa rangi kwa sura yake. Rangi yenyewe haina kosa. Mfugaji akisema wazi, "Kuku wangu wako bandani, nawapa chakula cha kukoleza kiini kwa sababu wateja wanapenda," hajamhadaa mtu, kama ambavyo mtu kupaka nyumba yake rangi si hadaa. Kosa ni kuitumia rangi kama ushahidi wa maisha ambayo kuku hakuyaishi.

Na hoja ya kuwa hakudhurika nayo haisimami. Hebu tupige hesabu. Kwa shilingi 6,000 bibi alipata mayai kumi ya chotara, tuseme gramu 500. Kwa fedha ileile angepata mayai 20 ya kisasa, gramu 1,200. Mtoto aliyetoka hospitali, anayehitaji chakula cha kujenga mwili, alikosa zaidi ya nusu ya chakula ambacho bibi yake alikuwa na uwezo wa kukinunua. Mwili wa mtoto haukupata sumu, lakini ulipunjwa. Sura ya Al-Mutaffifin inawaonya wanaopunja vipimo. Mimi mzani wangu ulikuwa sawa, mayai kumi yalikuwa kumi. Nilichopunja ni ule ujuzi ambao ungemwezesha kuchagua.

Hoja ya tatu ndiyo nzito zaidi, nami sitaki kuikimbia. Je, mfanyabiashara ana wajibu wa kumsomesha mteja? Naona kuna tofauti. Mteja akija na imani yake, akanunua kwa imani hiyo bila mimi kuijua, sina lawama. Lakini pale ambapo najua kosa lake, na faida yangu inatokana na kosa hilohilo, kunyamaza kwangu si kunyamaza tena. Ni kauli, na bei ya shilingi 600 ndiyo tafsiri yake. Kama ningeamini kweli kuwa "yai ni yai", ningemuuzia kwa shilingi 300.

Haki ya mwenye yai

Kuna mwingine katika kisa hiki ambaye hana ulimi wa kulalamika, naye ni kuku. Baadhi ya wenzetu wameanza kununua vizimba vya waya vya ghorofa. Faida yake haifichiki: yai linateremka lenyewe, linatoka safi, halikanyagwi, na mtu mmoja anahudumia kuku wengi. Ukitazama usafi wa ganda peke yake, kizimba mara nyingi kinalishinda banda la maranda.

Lakini kuku aliye humo hawezi kukunjua mbawa, hawezi kuoga vumbi, hana kiota. Nchi za Umoja wa Ulaya zilipitisha sheria mwaka 1999, na kuanzia Januari 1, 2012 zikapiga marufuku vizimba vya kawaida, ambavyo vilimpa kuku sentimita za mraba 550. Karatasi moja ya A4 ni kubwa kuliko eneo hilo. Tena ganda la yai moja huchukua kiasi cha saa 20 kutengenezwa na hutumia gramu mbili hivi za madini ya chokaa, na usiku kuku asipokula, sehemu ya madini hayo hutolewa katika mifupa yake. Kuku anayetaga mayai 300 kwa mwaka huku hana nafasi ya kutembea, mifupa yake hudhoofika hata ikavunjika.

Mwenzangu alisema, "Sisi tunawalisha, si kama yule mwanamke wa kwenye hadithi aliyemfunga paka mpaka akafa njaa." Ni kweli kabisa, na sitaki kuipeleka hadithi mahali isipofika. Kufuga ni halali, na kufungia mnyama kwa maslaha ni halali. Lakini Qur'an katika Suratul An'am inatufundisha kuwa wanyama na ndege ni jamii kama sisi tulivyo jamii. Mwenye jamii ana mahitaji zaidi ya pumba na maji. Sidai kuwa mimi ni mwema kuliko mwenye vizimba. Ukweli ni kwamba vizimba ni ghali, nami sikuwa na fedha. Nilichoweza kufanya ni kupunguza kuku hadi watano kwa mita ya mraba, kuwawekea viota na vichanja, na kuwaachia uani jioni. Faida imeshuka. Mayai yanayopasuka nayo yamepungua, kwa hiyo hasara si kubwa kama nilivyoogopa.

Ijumaa ya mwisho

Nilimwambia bibi Ijumaa moja, kabla hajafungua pindo la kanga. Nilimweleza kila kitu: mbegu, banda, unga wa rangi. Nilikuwa nimehesabu zile Ijumaa, zilikuwa 20, na kila Ijumaa nilichukua shilingi 3,000 isiyo yangu. Nikampa shilingi 60,000 katika bahasha. Nilidhani atanitukana, nami nilijiandaa kwa matusi.

Alikaa kimya kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Mwanangu, fedha nimezipokea. Lakini nilikuwa nakuombea dua kila wiki, nawe unaitikia amin. Ile nayo utairudishaje?"

Sikuwa na jibu, na hata leo sina. Katika tasriya mnunuzi hurudishiwa haki yake kwa pishi ya tende, jambo likaisha. Sijui dua ya mtu aliyeamini hulipwa kwa pishi ngapi.

Tangu siku hiyo nimeandika kwa chaki kwenye ubao mlangoni: mbegu gani, wanakaa wapi, wanakula nini, na yai limetagwa lini. Nikiwapa kuku dawa, naandika hivyo na siuzi mpaka siku zilizoelekezwa zipite. Baadhi ya wateja waliohitaji "kienyeji" wamekwenda kwa muuzaji wa mtaa wa pili, ambaye anajua kama nilivyojua mimi. Bibi anakuja bado. Ananunua ya kisasa, 20 kila Ijumaa, mtoto amenenepa. Ananisalimu vizuri, ananiuliza hali ya watoto. Lakini akishahesabu fedha zake huchukua mayai na kuondoka, hasemi tena "Mungu akuzidishie".

Ndugu Waislamu, wauza mayai, wauza maziwa, asali, mchele na dawa za asili: tunajua ni alama gani mteja anaisoma. Kila mmoja wetu na ajiulize, ile alama inasema kweli, au tumeifunga chuchu?

Wabillahi tawfiq.